Kunakili faili nyumbani hakuli bando

Wengi hapa Mwanza huamini kunakili video kwa Wi-Fi kati ya kompyuta mbili za nyumbani hula bando. Si kweli. Video ya GB 4 ikitoka kompyuta yenye anwani ya ndani 192.168.1.10 kwenda ile ya 192.168.1.15 inapita kwenye ruta tu. Hata laini ikiishiwa salio, inafika. Ili kushiriki folda kati ya kompyuta hizo, kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux) weka Samba, programu ya kushiriki mafaili: andika sudo apt install samba, taja folda ndani ya /etc/samba/smb.conf, kisha andika sudo smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lako la kuingilia kompyuta. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika: Samba hutunza nywila yake, ile ya kuingilia kompyuta haiitambui.

Bando huliwa ukiwa nje, tuseme Kirumba, ukivuta faili la nyumbani Nyegezi, tena pande zote mbili. Hapo tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kama viko mtandao mmoja, maana ruta ya laini ya simu mara nyingi haina anwani ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Mlango (port) 445 ambao Samba hutumia usiufungulie intaneti kamwe.