Mshono hauanzi kwenye simu

Juzi tena. Msichana kaja kibandani kwangu Magomeni na doti mbili za kanga, mpya kabisa, bado zina ule ugumu wa dukani. Kafungua simu: "Fundi, nimepata msukumo." Ni picha. Gauni limepigwa kwa mbele, aliyelivaa kasimama wima, mkono mmoja kiunoni. Nikamuuliza, huyu akikaa inakuwaje? Akiinua mkono? Akicheza? Akanyamaza.

Alikuwa wa nne wiki hiyo, na wanafunzi ninaowafundisha kukata hawako mbali naye. Wanaamini msukumo ni nguo ya mtu mwingine iliyokwisha kushonwa, na kazi ya fundi ni kuisogeza kutoka kwenye kioo cha simu hadi kwenye kitambaa. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo huku mguu uko kwenye cherehani, kwa hiyo naliandika.

Aliyeshona gauni lile alikuwa na mwili fulani mbele yake, kitambaa fulani na shughuli fulani. Gauni ndilo jibu lake. Lile la kwenye picha lilikuwa la kitambaa kinachovutika, na huyu binti kaniletea kanga. Kanga ni pamba iliyofumwa, haivutiki, na kila kipande, kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kina pindo pande zote nne, mji katikati na jina lake chini. Ukiikata ovyo unabaki na nusu ya jina kwenye paja. Kitenge kingetuvumilia, maana maua yake yanajirudia toka mwanzo wa jora hadi mwisho. Kanga haivumilii.

Mimi mishono naitafuta kwenye ngoma, kwenye muziki, kwenye filamu. Nikisema hivyo watu wanadhani nawaangalia wachezaji wamevaa nini. Hapana. Nawaangalia wanafanya nini.

Ukitaka kuona ninachosema, nenda kwenye taarabu, ya harusi au ya ukumbini, ukae pembeni mwa njia ya kuendea jukwaani. Subiri ubeti umchome mtu. Atainuka polepole, atatembea kwa mapigo ya muziki, bega moja mbele, na mkono wenye noti utapanda juu ya kichwa. Mkono ule haushuki mpaka amtunze mwimbaji, na njiani anageuka, anawaonyesha wale anaotaka wausikie ule ubeti. Huenda ikawa dakika nzima mkono uko juu.

Sasa lifikirie gauni lake. Mkono mwembamba, kwapa limeteremshwa chini. Mkono ukipanda, kwapa linavuta ubavu, ubavu unavuta kiuno, kiuno kinavuta pindo. Miaka ya nyuma nilishona sare ya akina mama kumi na wawili kutoka kwenye picha waliyoniletea. Nikaalikwa. Walipoinuka kutunza, magauni yote yalipanda pamoja, na nikawaona wanatunza huku mkono wa pili umeshikilia nguo pajani. Mmoja hakuinuka tena usiku ule. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifundisha kuliko picha zote.

Na hapa ndipo mafundi wengi wanaponikera. Ukiwaambia gauni linapanda, wanalishusha kwapa zaidi "ili apate nafasi." Ni kinyume chake! Kwapa likikatwa chini, mkono na ubavu vinakuwa kitu kimoja, na kila mkono unapokwenda gauni linafuata. Kwapa linatakiwa lisogee juu, karibu na kwapa la mtu mwenyewe, ili mkono uinuke peke yake. Ukiona bado panabana, tia kikwapa. Mjomba wangu alikuwa akishona kanzu, na kanzu ina badani la mwili, ina taharizi za ubavuni, ina vikwapa: vile vipande vidogo vya pembe nne vinavyowekwa chini ya mkono ili mtu anyooshe mikono bila nguo kumfuata. Nilikaa miaka pembeni ya cherehani lake nikiviona vile vipande na sikuelewa kazi yake mpaka nilipowaona wale akina mama wanatunza. Swali nilipewa na taarabu, dawa nikaikuta kwenye kanzu.

Lugha yetu yenyewe iliona mapema kwamba ngoma na mavazi haviko mbali. Enzi bendi za dansi zikishindana Dar, kila bendi ilikuwa na mtindo wake. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Juwata walikuwa na Msondo, Maquis walikuwa na Kamanyola, Safari Sound walikuwa na Ndekule. Mtindo ulikuwa mdundo na namna ya kuucheza, na neno hilohilo leo ndilo tunalosemea mavazi. Sikinde na Msondo ni majina yaliyotoka kwenye ngoma za Kizaramo. Wanamuziki wale, na magitaa yao ya umeme na tarumbeta, hawakuihamisha ngoma ilivyo hadi jukwaani. Walichukua mwendo wake.

Wimbo wa dansi pia ulinifundisha kukata sketi. Mwanzo ni beti, watu wanacheza kwa utulivu. Halafu linakuja chemko, magitaa na tarumbeta wanashika, na kiuno ndiyo kinaanza kazi. Gauni la mkia wa samaki linafaa kwenye beti. Chemko likianza, mvaaji anabaki anatikisa mabega tu kwa sababu magoti yamefungwa. Dawa yangu ni kukata mshazari. Kitambaa kilichofumwa kina uzi wa urefu na uzi wa upana, na ukikivuta kufuata uzi wowote kati ya hizo kinagoma. Kivute kwa pembe, katikati ya nyuzi mbili, kinaachia. Sketi ya mshazari inalala mwilini mtu akitulia, na inafunguka akicheza, bila lastiki. Ila inakula kitambaa, na usipoitundika usiku kucha kabla ya kukunja pindo, pindo litashuka upande. Madeleine Vionnet, mshonaji wa Paris aliyeupa mkato huu sifa, alivutiwa na mcheza dansi Isadora Duncan, aliyekuwa akicheza pekupeku bila koseti, lile vazi la kubana kiuno. Naye aliangalia mwili unavyokwenda.

Filamu naisema kwa kifupi: zima sauti. Angalia mtu anavyokaa kwenye kiti, anavyopanda ngazi, mtandio unapodondoka nani anaurudisha na kwa mkono upi. Pwani yetu filamu za Kihindi zililisha hata taarabu, tuni nyingi zilitoka huko zikatiwa maneno ya Kiswahili. Mimi nimeokota humo namna ya kukaa.

Kuna atakayesema: mbona wacheza beni, ile ngoma ya pwani ya gwaride na tarumbeta, waliiga? Ni kweli, toka miaka ya 1890 vijana wa pwani walichukua bendi za tarumbeta za kizungu, sare za kijeshi, hadi vyeo. Nalifikiria sana jambo hili. Lakini gwaride halikubaki gwaride. Likawa ngoma na mashindano ya mitaa, vyama vya beni vya Marini na Arinoti wakigombea nani kapendeza na nani kacheza zaidi, na koti la askari likapewa kazi ambayo mwenye nalo hakuifikiria. Hapo sioni wizi. Hata hivyo sina kipimo cha kukupa cha kujua lini kuiga kumegeuka kuwa chako. Nina magauni mawili niliyoyapenda, kisha nikagundua niliyaona mahali.

Na lipo linaloninyima usingizi zaidi. Bi Kidude, yule mwimbaji wa Zanzibar, aliipeleka ngoma ya unyago mbele ya watu wa dunia nzima, na mimi mkato wa sketi yangu moja, ile yenye marinda nyuma tu, niliutoa kwenye viuno vya unyago, nilivyoviona nikiwa ndani. Somo wangu, aliyenifunda unyagoni, alipoiona akauliza, "Nani kakuruhusu?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Sketi ile sijaishona tena.

Yule binti sikumfukuza. Nilimwambia azime simu, nikambana kanga mwilini kwa pini bila kukata hata uzi, nikamwekea taarabu na kumwambia atembee hadi mlangoni mkono ukiwa juu, kama anakwenda kutunza. Pindo lilipanda vidole vinne, jina la kanga likakunjamana kwenye goti lisisomeke. Akajiangalia kwenye kioo, akarudi mwanzo wa kibanda, akatembea tena, safari hii bila mimi kumwambia. Jumamosi anakuja kwa kipimo. Jina litakaa chini kabisa, zima, na vikwapa nitavitoa kwenye mji wa kanga ya pili.