Mbegu ya nyasi "ya juzi" ni ya nini?

Vuli ikikaribia, maombi ni yale yale: "Nataka mbegu ya ndata kivumbu, lakini iwe mpya kabisa, ya juzi." Jamani! Halafu Desemba lawama: haikuota, nimeuziwa makapi.

Ndata kivumbu (Cenchrus ciliaris), nyasi ya malisho, si mahindi. Mbegu iliyovunwa juzi ni nzima, ina punje, na bado haioti kwa sababu imelala. Ingezinduka kwa manyunyu ya kwanza baada ya kudondoka, miche ingekauka kabla mvua ya kweli haijafika. Ihifadhiwe kwanza miezi 6 hadi 12. Vitabu hutaja miezi 6 kana kwamba mbegu inasoma kalenda. Magunia mawili ya shamba moja hutofautiana, kwa hiyo naamini pamba yenye maji kuliko tarehe. Tandaza vishada 100, vile vyenye manyoya, juu ya pamba iliyoloa, hesabu vilivyoota hadi siku ya 14.

Sasa hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili: mbegu iliyolala na kishada kitupu. Hicho chenye manyoya mnachokiita mbegu ni kishada. Ndani yake mna punje moja, mbili, pengine nne, au hamna kitu. Fikicha vishada kadhaa kwa viganja na upulize. Punje ngumu ya kahawia ikibaki, mbegu imelala, ipe muda. Manyoya yakipeperuka yote, hapo ndipo umepunjwa: aliyevuna aliyapapasa masuke kabla hayajakomaa. Kishada kilichokomaa hung'oka kwa mguso tu, kibichi hushikilia.

"Basi nikoboe?" Iliyokobolewa huota upesi, kweli. Huota yote kwa pamoja, mvua ikikatika wiki mbili huna akiba ardhini. Katika eneo la Kibwezi, Kenya, ambako mvua hudanganya, mimi naacha manyoya, ingawa nakiri kuwa kwa mwenye maji ya kumwagilia hoja yangu haina nguvu.

Kiasi ni kilo 2 kwa ekari. Manyoya hunatana, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu, la sivyo utamwaga mafungu. Piga mifereji kwa maksai kufuata kontua (kukingama na mteremko), panda mvua haijaanza, ubavuni mwa mfereji, si chini kabisa ambako tope litaifukia. Buruta tawi la miiba juu yake, yatosha: udongo usizidi sentimita 1. Wanaopitisha haro ya trekta wanazika maiti. Mifugo isiingie mpaka nyasi imemwaga mbegu, kwani mbuzi hung'oa shina zima wakati mizizi haijashika.

Na anayesema nyasi hii ni dhaifu aulize Australia, ambako aina ya Biloela ilitokana na mbegu za Dodoma, au Arizona, ambako watu wa kujitolea wanaing'oa kwa sururu kwa sababu hubeba moto hadi kwenye midungusi isiyouzoea.

Hifadhi ni rahisi: anika kivulini, gunia linalopumua, juu ya kichanja, na mwezi wa kuvuna uandikwe kwa kalamu nene. Plastiki hapana.

Vuli ikipita bila kuota, usikimbilie kulima upya. Kwaruza mfereji, tafuta vishada, vifikiche. Punje zikiwa bado ngumu, funga boma ungoje masika.