Wimbo Mpya wa Freddie, na Swali la Nakala ya Ngapi

Jumamosi iliyopita dogo mmoja wa Majengo aliingia karakana kwangu, hapa Moshi karibu na soko la Mbuyuni, ameshika flashi kama mtu aliyeokota dhahabu njiani.

"Shikamoo fundi. Nimepata wimbo wa Freddie Mercury ambao haujawahi kutoka. Umetolewa kwenye mkanda wenyewe wa studio."

Nikamwitikia marahaba, nikaweka pembeni amplifaya ya kanisa niliyokuwa naifungua, nikachomeka flashi kwenye kompyuta.

Ingekuwa bendi nyingine ningemrudishia na kumtakia heri. Lakini Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza aliyoiimbia Freddie, ni ugonjwa wangu wa tangu utotoni, na Jumamosi jioni karakana hii hugeuka kijiwe cha wagonjwa wenzangu. Yupo kinyozi wa jirani. Yupo mwalimu mstaafu wa fizikia tunayemwita Meku. Yupo dada wa duka la dawa anayemjua Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, kuliko anavyowajua wajomba zake. Na wapo vijana walioanza kwa kununua fulana ya mtumba pale Memorial, ndipo baadaye wakauliza hao waliochorwa kifuani ni akina nani. Kila mmoja huja na kitu: habari, wimbo, picha, mara nyingine uvumi mtupu. Kupepeta pumba kumeniangukia mimi, kwa sababu tu nina vifaa. Naulizwa kila wiki nawezaje kujua, basi leo naeleza.

Wimbo wa dogo niliufungua kwenye programu inayochora sauti. Kushoto kwenda kulia ni muda unavyopita. Chini kwenda juu ni sauti kutoka nzito hadi nyembamba. Sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Huko juu ndiko yanakoishi matoazi ya ngoma, pumzi ya mwimbaji, ule mchakacho wa herufi "s". Kwenye mkanda mzuri wa studio mchoro hupanda na kufifia taratibu, kama moshi. Wa dogo ulipanda hadi hezi 16,000 ukakatika ghafla, umenyooka kama ukoka uliopitishiwa fyekeo. Hiyo ni alama ya faili lililowahi kubanwa sana, mara nyingi MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Ila lenyewe lilijitangaza kuwa la kilobiti 320. Maana yake mtu alichukua faili dogo akalihifadhi upya kwa jina kubwa. Ni gunia la debe sita lenye debe tatu za mahindi. Zilizobaki ni hewa, na mahindi yaliyopotea hayarudi kwa kubadilisha gunia.

Hapo sikuwa nimethibitisha kwamba anayeimba si Freddie. Nilichothibitisha ni kwamba faili hili halikutoka moja kwa moja kwenye mkanda wa studio, na hilo kwangu linatosha kuanza kuuliza ukoo wa wimbo. Dogo kaupata wapi? Kwa jamaa wa stendi anayerusha nyimbo kwenye simu. Jamaa kaupata wapi? Kwa konda wa basi la Arusha. Konda? Hapo nyayo zikaishia kwenye lami. Siku hizi kompyuta inaweza kuvishwa sauti ya marehemu ikaimba chochote, kwa hiyo wimbo usio na ukoo siupokei, hata ukinitoa machozi. Na huu, nakiri, ulikaribia.

Mambo haya nilianza kujifunza kabla sijajua hata kushika chuma cha kulehemu. Miaka ya themanini kaka yangu alirudi na kaseti ya Queen, TDK ya dakika 90, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Mtaa mzima ulitaka nakala. Tukaunganisha deki mbili kwa waya, tukawarekodia. Wa kwanza alifurahi. Wa pili alirekodi kutoka kwa wa kwanza, wa tatu kutoka kwa wa pili, na ilipofika ya tano Brian May alikuwa anapiga gitaa ndani ya mvua ya masika.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, kila mkanda una mchakacho wake wa asili, na ukinakili, mchakacho wa mkanda mpya unajumlishwa na ule wa zamani. Nakala ya kwanza tu huongeza desibeli 3 hivi. Pili, kando ya hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma mkanda, kuna kaskrubu kadogo kanakoweka hedi wima dhidi ya mkanda. Kakilegea kidogo tu, sauti nyembamba hupotea. Kila deki mtaani ilikuwa na kaskrubu kenye pembe yake, kwa hiyo kila kituo kiliiba matoazi kidogo, kama mizani ya soko inavyoiba. Mimi nilikaona kale kaskrubu siku nilipoifungua deki ya kaka bila ruhusa. Kipigo nilichopata sitakieleza, ila ufundi wangu ulianzia hapo.

Kinachonifurahisha ni kwamba Queen wenyewe walipambana na adui huyohuyo. Mwaka 1975 walipokuwa wakirekodi Bohemian Rhapsody, ule wimbo wa dakika 5 na sekunde 55, mashine ilikuwa na njia 24 tu za sauti. Kile kikwaya cha katikati kinachosikika kama watu wa dayosisi nzima kimeimbwa na watatu: Freddie, Brian na Roger, huyu wa mwisho akichukua zile noti za juu zinazopasua glasi. John Deacon, mpiga besi, hakuimba. Ili watatu wawe umati, waliimba, wakajaza njia, wakazichanganya na kuzihamishia kwenye njia nyingine ili zile za kwanza zipate nafasi, wakaimba tena, siku baada ya siku. Kila kuhamisha ni nakala ya nakala. Mkanda ulipitishwa kwenye hedi mara nyingi hata ile rangi ya kahawia inayobeba sauti ikaanza kupukutika. Brian amesimulia kwamba waliuinua kwenye mwanga wakaona upande wa pili.

Basi kwa nini wao hawakuishia kwenye mvua ya masika kama sisi? Upana na mwendo. Mkanda wa kaseti una upana usiofika milimita 4 na hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Mkanda wa studio wa njia 24 una upana wa sentimita 5 na hukimbia sentimita 38 au 76. Sauti inaandikwa kwenye shamba kubwa, kwa hiyo magugu hayaonekani haraka. Pamoja na hayo, sikiliza kikwaya kile kwa spika nzuri utasikia kaukungu. Mimi nakapenda. Ni jasho lao.

Kwenye simu hesabu imebadilika na watu wengi hawajaielewa, kwa hiyo naomba utulie hapa. Kunakili faili hakupotezi kitu. Ukihamisha wimbo kutoka flashi hadi simu, au ukautuma kwa Bluetooth kama faili, nakala ya elfu ni sawasawa na ya kwanza. Kinachoharibu ni kubana upya. Ukituma wimbo ukiwa ndani ya video, WhatsApp inaikamua ili iwe nyepesi. Anayeipokea anaipandisha kwingine, inakamuliwa tena. Wa tatu anashika simu mbele ya spika ya daladala anarekodi. Ukitaka kunitumia wimbo, tuma kama dokumenti. Nimemwambia kinyozi hili mara kumi na bado ananitumia video yenye maua yanayozunguka.

Habari nazo hunakiliwa hivyohivyo, na huchakaa kwa namna ileile. Septemba 2024 dada wa duka la dawa alikuja mbio: "Brian May kapooza, hatashika gitaa tena." Kijiwe kikanyamaza. Meku akavua miwani. Nikatafuta alipozungumza mwenyewe, maana Brian huwa hangoji wasemaji, hujirekodi akaongea. Na kweli alikuwa amepata kiharusi, alichokiita kidogo, mkono wa kushoto ukamgomea. Lakini kwenye maelezo yaleyale alisema anaweza kupiga gitaa. Sehemu hiyo ndiyo matoazi yake. Ndiyo iliyopotea kwenye nakala ya pili au ya tatu. Aliyebuni uongo hakuwepo. Kila mtu alipunguza kidogo tu.

Kwa hiyo habari za hawa wanne nazipima kwa kumjua kila mmoja na tabia yake. Brian anasema sana: nyota, wanyamapori, picha pacha za kutazamwa kwa lenzi mbili, na ni mtu aliyerudi shule akamaliza udaktari wake wa falaki mwaka 2007, akieleza vumbi lililotapakaa kati ya sayari. Kwake ukosefu wa habari ndiyo habari. Roger hasemi hovyo, lakini hutoa kazi. Alianza albamu zake binafsi mwaka 1981, na mwaka 2021 bado alikuwa anatoa. Hao wawili ndio wanaobeba jina la bendi, na Adam Lambert anaimba nao. Kuhusu Freddie, aliyefariki tarehe 24 Novemba 1991, sauti mpya inaweza kweli kupatikana, lakini ikipatikana hutangazwa na wenyewe. Oktoba 2022 walitoa Face It Alone, iliyorekodiwa mwaka 1988 ikabaki kabatini. Tazama ukoo wake ulivyo wazi: mwaka unajulikana, albamu iliyokuwa ikirekodiwa wakati ule inajulikana, Brian na Roger waliokuwepo chumbani wapo hai na wanazungumza. Konda wa Arusha hana hivyo.

(Kama Freddie ni Mtanzania mwenzetu au la, sitaki. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi na Muungano. Ubishi huo umekwisha kumaliza chupa tatu za chai hapa na haujapata mshindi.)

Na John? John Deacon alirekodi na wenzake mara ya mwisho mwaka 1997, akaondoka, akafunga mlango. Hahojiwi, hapandi jukwaani. Huyu ndiye anayenirahisishia kazi kuliko wote: ukiniletea "John Deacon amesema", kabla hujamaliza sentensi nimeshashika bisibisi yangu nikaendelea na kazi.

Lakini ukimya wake usikudanganye ukadhani alikuwa mpiga besi wa pembeni tu. Another One Bites the Dust ni wimbo wake. Tena alisomea elektroniki, na hapo ndipo mimi na yeye tunakuwa ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini aliokota kwenye pipa la taka jijini London kibao cha sakiti chenye waya zinaning'inia. Akakipeleka nyumbani, akakifunga ndani ya boksi la spika ya kabatini, akakiwashia betri ya volti 9. Hakina kitufe cha kuongeza wala kupunguza sauti. Brian akachomeka gitaa lake, lile alilolichonga na baba yake kuanzia mwaka 1963, shingo yake kwa mbao za fremu ya jiko la zamani la kuotea moto, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ala za kupuliza. Kwenye Good Company ya mwaka 1975 ile bendi nzima ya tarumbeta na klarineti unayoisikia ni gitaa lile ndani ya kiboksi kile. Miaka mingi baadaye wataalamu walichunguza kibao kilikotoka: redio ya kubebeka aina ya Supersonic PR80, redio iliyoundwa kusini mwa Afrika.

Niliposoma hilo nilisimama. Redio! Takataka kama zile zilizojaa chini ya meza yangu.

Siri yake ni transista, vile vijipande vinavyokuza sauti, za zamani za germanium, za kabla silikoni haijatawala. Ukizisukuma kupita uwezo hazikati wimbi la sauti kwa kisu. Zinalikunja, na mkunjo huo ndio unaofanana na pumzi ya mtu anayepuliza. Halafu kuna zile transfoma ndogo za kuingizia na kutolea sauti, nazo hulainisha zaidi. Nikatafuta kwenye makopo yangu nikapata kibao cha redio ya zamani ya Philips, za enzi zile zilipounganishwa Arusha. Transista mbili zilikuwa zimekufa, nikaziazima kwa maiti nyingine. Boksi ni la spika iliyoachwa na mteja tangu mwaka juzi. Jaribio la kwanza lilitoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, kwa sababu nilifunga betri kinyume. Kwa nyingi ya transista hizo chanya ndiyo huenda kwenye ardhi, na mkono wangu umezoea hasi.

Nilimaliza Jumamosi hiyohiyo ya flashi. Dogo alikuwa bado amekaa kwenye stuli, amenuna kwa ajili ya wimbo wake. Nikamwuliza kama anajua gitaa. Akasema anapiga kwenye kwaya ya vijana. Nikampa waya. Akagusa kamba mbili tatu, akasita, akapiga mstari mrefu wa pambio, na kile kiboksi kikapuliza. Kweli kikapuliza. Kinyozi akatoka dukani na mashine mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa upande mmoja.

"Rekodi hiyo!" dada akasema. Dogo akatoa simu, akanigeukia. "Nikishamaliza nawatumia kama dokumenti, eti fundi?"