Picha ya Kwenye Grupu Haiiti Gari la Wagonjwa

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaoratibu taarifa za dharura za afya hapa Mwanza siku hizi yanafanana: "Tulitoa taarifa, hakuna aliyekuja." Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta taarifa kweli ilitolewa, ila iliwekwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa au la wavuvi, pamoja na picha ya mgonjwa na maneno "viongozi mko wapi?" Nina hakika aliyeituma alitaka mwenzake apone. Lakini grupu halijaunganishwa na mfumo wowote wa kuitikia dharura. Hakuna mtumishi aliyepangiwa zamu ya kulisoma, na hata kama Mtendaji wa Kata yumo, huenda ataiona jioni.

Mfumo unaanza kuhesabu muda pale simu inapopokelewa au mhudumu wa kituo anapojaza taarifa. Namba ni hizi, na zote hazikatwi salio. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115, ambayo ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa hao. Kwa dalili za ugonjwa wa mlipuko, au jambo la kiafya usilolielewa mtaani kwako, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Moto, ajali na uokoaji ni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Polisi ni 112. Naomba tuelewane: 115 si namba ya kila mgonjwa. Anayeipiga kwa sababu ya jino anachukua nafasi ya mama anayevuja damu kule kisiwani Ukara, na kumwambia mpokea simu kwamba "serikali ni moja" hakubadilishi chochote.

Lalamiko la pili ni la maswali. "Mgonjwa anakufa, ninyi mnauliza kijiji gani." Ndiyo, tunauliza, na tutaendelea kuuliza. Ukisema "niko mwaloni", yaani pale wavuvi wanapotia nanga, mtu wa mjini atafikiria mwalo wa Kirumba, kumbe wewe uko kisiwani Kome. Majengo, Sokoni na Mjini zipo karibu kila wilaya. Kwa hiyo mpokea simu atataka wilaya, kata, kijiji au mtaa, alama ya karibu inayojulikana kama shule, kanisa, msikiti au gati, na namba ya simu itakayobaki hewani. Kwa simu ya 115 anaongeza maswali ya dalili, kwa sababu majibu yako ndiyo yanayoamua mgonjwa apelekwe kituo gani: kituo cha afya cha karibu, hospitali ya wilaya, au hospitali za rufaa za Sekou Toure na Bugando. Pale ambapo gari la wagonjwa haliko karibu, mfumo unatafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa na kufundishwa, na malipo yake yanatumwa kwa simu akishamkabidhi mgonjwa kituoni. Wewe hudaiwi nauli. Akikudai, chukua jina lake na namba ya gari ututaarifu.

Kanda ya Ziwa haipaswi kuuonea mashaka mfumo huu wa m-mama. Ulifanyiwa majaribio hukuhuku, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kupelekwa nchi nzima. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili afike Bugando. Wa visiwani bado anavuka maji, na huko kukosea jina la mwalo ni kupoteza saa nzima.

Kuhusu magonjwa ya mlipuko nitaeleza zaidi, kwa kuwa ndipo penye kutoelewana kukubwa. Kituo cha afya kinapopata mtu anayeshukiwa kuwa na kipindupindu, surua, kimeta, homa ya virusi inayosababisha kutoka damu, au mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla, kinatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24, bila kusubiri majibu ya maabara. Mhudumu anaituma kwa simu yake, hata simu ndogo isiyo na intaneti, na taarifa inaonekana kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, wa mkoa na wizarani. Kila Jumatatu kituo kinatuma pia taarifa ya wiki iliyoishia Jumapili. Kama hakuna mgonjwa, kinaandika sifuri. Wapo wahudumu wanaoona sifuri ni kazi bure. Kwetu sifuri na ukimya ni vitu viwili tofauti kabisa: sifuri inasema mtu ametazama, ukimya hausemi lolote.

Sasa mialo. Kambi ya dagaa hujaa wakati wa kiza, maana taa zinahitaji giza. Mbalamwezi ikitoka, wavuvi wanafunga kazi na wengi wanarudi makwao: Bunda, Geita, Muleba, Magu, Buchosa. Dalili za kipindupindu zinaweza kuanza saa chache tu baada ya kuambukizwa au zikachelewa hadi siku 5. Mtu mmoja akiharisha maji kambini siku mbili kabla ya mbalamwezi na mkaamua kumtunza kimyakimya kwa kuogopa mwalo kufungwa, wiki hiyohiyo ugonjwa unaweza kutokea wilaya tatu, na kila wilaya itadhani imeanza yenyewe. Viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, mnajua nani ameingia na nani ametoka kuliko mfumo wowote tulio nao. Daftari lenu ni sehemu ya kazi hii. Liandikeni vizuri, na jina la kwenye kitambulisho, si la utani peke yake. Tunahangaika sana na wagonjwa walioandikwa "Mzee wa Kazi" bila namba ya simu.

Jina linatusumbua hata ndani ya hospitali. Mgonjwa wa ajali akipokelewa zahanati, akahamishiwa hospitali ya Nansio, kisha akavushwa hadi Bugando, akiandikwa majina matatu atahesabiwa majeruhi watatu, huku ndugu zake wakimtafuta kwa jina la nne. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walifariki. Kivuko kilikuwa na uwezo wa abiria 101, na idadi halisi ya waliokuwamo haikujulikana haraka. Iliripotiwa kwamba mkata tiketi alifariki na mashine yake ikazama. Hospitali haziwezi kuandaa vitanda, damu na oksijeni kwa idadi ya kukisia. Kwa hiyo ukiombwa jina unapopanda chombo, taja la kweli. Orodha ya abiria inatumika hospitalini pia.

Wagonjwa wa mlipuko wanaokataa kutaja watu waliokutana nao wakiogopa kutangazwa wajue hivi: taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtumishi anayezitoa nje anawajibishwa. Jirani zetu wa Kagera walipopata homa ya virusi vya Marburg mwaka 2023, waliougua walikuwa 9, akiwemo mmoja ambaye hakupimwa maabara, na 6 kati yao walifariki. Ulitangazwa Machi 21 na kutangazwa umekwisha Juni 2. Waliokutana na wagonjwa hufuatiliwa siku 21, kila siku, na bila majina na simu sahihi kazi hiyo haifanyiki.

Kutangaza mlipuko si kazi yangu wala ya msimamizi wa grupu. Ni ya Waziri wa Afya. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo, yenye kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kuudanganya umma. Akipatikana na hatia, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Soma vizuri: ni anayejua na mwenye nia. Aliyepiga 199 kusema kuna watu watatu wameharisha mtaani kwao, kisha ikabainika ni chakula cha msibani, hakutenda kosa hilo. Taarifa kama hiyo tunaiita tetesi, inaandikwa, inafuatiliwa, inafungwa. Tetesi zisizothibitika ni sehemu ya kazi yetu ya kila siku na hatumlaumu aliyezileta.

Mwenye lalamiko kwamba alipiga simu na hakuhudumiwa, alilete ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri yake akiwa na namba aliyotumia, namba aliyoipigia, tarehe na saa. Kwa hayo tunaweza kuitafuta simu hiyo na kuona ilipokelewa na nani na ilikwama wapi. Picha ya skrini ya grupu haitusaidii.