Si kila sarafu ya Kigiriki ni drakma

Mtu akionyeshwa sarafu ya shaba ya Wagiriki wa kale, hakawii kusema, "Kumbe drakma yenyewe ndiyo hii." Drakma ni uzito wa madini ya fedha, ambao kwa kipimo cha Athens ulikaribia gramu 4.3, na ni sarafu ya fedha ya uzito huo, basi.

Neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufumbata. Wagiriki walisimulia kwamba kabla ya sarafu watu walilipana kwa vijiti vya chuma vya kuchomea nyama, namna ya vijiti vyetu vya mishikaki, na kijiti kimoja kikiitwa oboli. Sita vilijaza kiganja, na konzi hiyo ndiyo drakma. Kwa sababu hiyo drakma iliendelea kuwa oboli 6 hata baada ya vijiti kuondoka sokoni. Waajemi walilipokea neno hilo, Waarabu wakasema dirhamu, nasi tukalichukua kwao, hivi kwamba anayebadilisha dirhamu za Dubai analitamka neno la Kigiriki bila kujua.

Shaba ilikuwa chenji. Oboli 1 ya Athens ilikuwa na kalkusi 8, yaani visarafu vya shaba, kwa hiyo drakma moja ilitaka 48, na jina la kalkusi linatokana na neno ambalo, kama shaba yetu, halitenganishi shaba tupu na ile iliyochanganywa na bati.

Sasa tazama sarafu ya Amisos, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, ya enzi za mfalme Mithradates VI wa Ponto. Upande mmoja yupo mungu wa kike Athena mwenye kofia ya vita; upande wa pili Perseus, shujaa wa hekaya za Kigiriki, amesimama, mkono mmoja umeshika upanga uliopinda, mwingine kichwa cha Medusa, zimwi aliyemuua, ambaye kiwiliwili chake kimelala miguuni pa Perseus. Jina la mji limeandikwa, thamani haikuandikwa. Ndiyo maana wakusanyaji wa sarafu huandika AE, kifupi cha neno la Kilatini la shaba, kisha upana wake kwa milimita.

Nakiri kwamba zipo sarafu kubwa za shaba za Misri ya akina Ptolemaio, wafalme wenye asili ya Kigiriki, zenye kichwa cha mungu Zeus-Amun na tai, nyingine zikizidi milimita 40, ambazo wakusanyaji huziita drakma. Lakini hiyo ya Perseus, tafadhali, iite tu shaba ya Amisos.