Songwe ukihama, je, mpaka nao unahama?

Kyela bado inasemwa: Songwe ukihama, shamba limekuwa la Malawi. Si mara zote. (Ni mto Songwe wa mpaka wa Tanzania na Malawi, unaoingia Ziwa Nyasa, si ule unaoingia Ziwa Rukwa.)

Kwenye tambarare, mto hula ukingo wa nje wa kona na kulaza mchanga upande wa ndani. Badiliko hilo la polepole, kwa kanuni ya kawaida ya kimataifa, mpaka hulifuata. Lakini mafuriko yakikata shingo ya kona (kipande chembamba cha ardhi kati ya ncha zake) usiku mmoja, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani, hata ukikauka.

Kamisheni ya pamoja ya Tanzania na Malawi ya bonde la Songwe hushughulikia maji na miradi, haihamishi mpaka. Shamba likirukwa na mto, toa taarifa kijijini mapema, mkondo wa zamani ukiwa bado unaonekana.