Chakula cha bahari hakianzii kwenye mwani tu

Wengi Mombasa huamini kwamba chakula cha samaki huanzia kwenye mwani na nyasi zinazoonekana maji yakipwa, na kwamba maji yenye ukijani lazima ni machafu. Dhana hiyo ina msingi: tafi, kwa mfano, kweli hula mwani.

Ila mwani mwingi huhitaji mwanga na mahali pa kujishikiza, kwa hiyo hukaa karibu na pwani. Nje ya miamba, kazi ya kuanzisha chakula ni ya fitoplanktoni: viumbe vinavyoelea, vingi vya seli moja tu, visivyoonekana kwa macho. Hutumia jua, kaboni dioksidi na virutubisho kama nitrojeni na fosforasi, na hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote duniani, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga. Planktoni wanyama, yaani wanyama wadogo wanaoelea, huvila, dagaa huwala hao, jodari humla dagaa. Maji maangavu ya samawati, kwa uzuri wake wote, mara nyingi yana chakula kichache.

Kupima uangavu wa maji, ili kukadiria fitoplanktoni, ni rahisi. Funga sahani nyeupe ya sentimita 30 na uzito kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita. Adhuhuri, upande wa kivuli wa mtumbwi, ishushe hadi ipotee, kisha ivute hadi ionekane. Chukua wastani wa vina hivyo viwili: ukiwa mdogo, huenda fitoplanktoni ni nyingi. Lakini baada ya mvua, kwenye hori la Tudor hapo Mombasa, tope nalo huificha sahani. Weka maji kwenye chupa ya kioo usiku kucha: tope hutua, na ukijani ukibaki juu ni dalili ya fitoplanktoni. Usiyanywe, baadhi ya aina zina sumu.